Dalili si taashira

Wanafunzi wa fasihi hukutana na neno taashira darasani. Wapenzi wa riwaya za upelelezi wamezoea dalili. Katika The Da Vinci Code, riwaya ya Dan Brown ya mwaka 2003, mambo hayo mawili yamegongana.

Maiti imelala ndani ya jumba la makumbusho la Louvre, Paris, na tumboni pamechorwa nyota ya pembe tano kwa damu. Damu yenyewe ni dalili: inamwambia polisi kilichotokea, na ikishaeleweka kazi yake imekwisha. Nyota ni taashira. Mkuu wa polisi anaona ibada ya shetani. Profesa Langdon anaona Zuhura, mungu wa kike wa kale. Maana hutegemea zama na anayetazama.

Mvuto wa riwaya, na udhaifu wake, ni kuigeuza taashira kuwa dalili yenye jibu moja. Katika mchoro wa Leonardo wa Karamu ya Mwisho, ulioko Milano, kijana asiye na ndevu aliye kuumeni kwa Yesu anatajwa riwayani kuwa Maria Magdalena. Wanahistoria wengi wa sanaa wanamtambua kuwa mtume Yohana, ambaye wachoraji wa Italia wa enzi hiyo walizoea kumchora hivyo.

Basi mhakiki akikutana na taashira asiulize tu, “Inamaanisha nini?” Aulize pia, “Kwa nani, na lini?”