Torcello, Mama wa Venezia

Wengi wenu mmesikia habari za Venezia, ule mji wa Italia uliojengwa majini, ambamo njia ni mifereji na motokari hazipiti. Lakini ni wachache wanaojua kuwa Venezia una mama yake. Mama huyo yu hai bado, ila amezeeka sana, na watoto wake wamemwacha karibu wote. Jina lake ni Torcello. Ni kisiwa kidogo, umbali wa kilometa kumi hivi toka Venezia, upande wa kaskazini-mashariki. Zamani walikaa hapo maelfu ya watu pamoja na Askofu wao. Leo wenyeji wake hawafiki ishirini. Basi, twende tukamwamkie mama huyo. Safari ni ya siku moja tu: asubuhi kwenda, jioni kurudi.

Njia ya majini

Kwanza tuelewe maji yenyewe. Mbele ya Venezia kuna maji mapana ya chumvi, marefu kama kilometa 50, yaliyotengwa na bahari kwa ukanda mwembamba wa mchanga. Waitalia huyaita laguna. Bahari huingia na kutoka kwa milango mitatu. Maji si ya kina: mahali pengi mtu mzima aweza kusimama na kichwa chake kikabaki juu. Kwa hiyo vyombo hufuata mifereji yenye kina, na pande zote mbili magogo yamesimikwa katika tope kuonyesha njia. Mgeni asiyeyafuata atakwama.

Chombo cha abiria chaondoka upande wa kaskazini wa mji, chapita kisiwa cha makaburi, chafika Murano, kisiwa cha wafua vioo. Mwaka 1291 serikali ya Venezia iliamuru matanuri yote ya kioo yahamie huko, maana iliogopa moto usiunguze nyumba za mjini. Msisahau jina hilo, kwani linatuhusu hata sisi. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani ya Zanzibar na kufika Ujiji na Manyema ilibeba shanga nyingi zilizotengenezwa Venezia, nazo zilitumika sokoni kama fedha. Labda bibi wa bibi yako alizivaa shingoni, asijue zimetoka wapi.

Baadaye chombo chafika Burano, kisiwa cha wavuvi, chenye nyumba za rangi kali, nyekundu, buluu na manjano. Wasafiri wengi hushuka hapo. Wanaobaki huvuka tena dakika chache tu, na hapo kelele zinakoma. Mbele yako kuna matete, mfereji mmoja, njia moja ya miguu, bustani za mboga, na mbali kidogo mnara wa kengele. Hiyo ndiyo Torcello.

Wakimbizi wa Altino

Labda utaniuliza: Nani alichagua kukaa mahali pa tope namna hii? Kweli, hakuna aliyechagua. Walikimbilia.

Ng'ambo ya pili, katika nchi kavu, palikuwa na mji wa Warumi jina lake Altino, mji wa biashara wenye barabara za mawe, uwanja wa michezo na Askofu wake. Mwaka 452 Attila, mfalme wa Wahun, aliingia Italia na kuiharibu miji ya upande ule. Watu wakakimbilia visiwani, maana farasi wa adui hawakuweza kupita katika tope. Attila alipoondoka, wengi walirudi makwao. Lakini mwaka 568 walikuja Walombardi, nao hawakuondoka. Walikaa na kutawala. Hapo wakimbizi walifahamu ya kuwa hawatarudi tena.

Basi walibeba nini? Walibeba walivyoweza: vyombo, mbegu, na mawe ya nyumba zao, maana kisiwani hakuna jiwe. Walibeba pia mifupa ya Mtakatifu Heliodorus, Askofu wao wa kwanza, aliyekuwa rafiki wa Mtakatifu Yeronimo, yule aliyetafsiri Biblia katika Kilatini. Mifupa hiyo ingali katika kanisa la Torcello hata leo.

Na kanisa hilo walilijenga lini? Jiwe lenye maandishi lililogunduliwa mwaka 1895 latujibu. Lasema kwamba kanisa la Maria Mtakatifu Mama wa Mungu lilijengwa wakati wa Kaisari Heraclius, kwa amri ya Isaac, mjumbe wa Kaisari aliyetawala toka Ravenna. Tarehe yake ni mwaka 639. Wataalamu wengi huyahesabu maandishi hayo kuwa hati ya kwanza ya historia ya Venezia. Angalia vema, msomaji: hati ya kwanza ya mji ule tajiri si mkataba wa biashara, wala habari ya vita. Ni habari ya wakimbizi waliojenga kanisa.

Mama akiwa na nguvu

Wakimbizi hawakukaa wakilia. Walivua samaki, walikausha chumvi, walifuma sufu, walifua kioo. Miaka ya 1961 na 1962 wataalamu kutoka Poland walichimba karibu na kanisa wakakuta tanuri la kale la kioo. Kwa hiyo kazi hiyo ilijulikana hapa zamani kabla ya Murano kupata sifa yake. Katika karne ya 10 Kaisari Konstantino VII wa Konstantinopoli aliandika kuwa Torcello ni soko kubwa. Wakati huo Venezia wenyewe ulikuwa kijana bado, kwa maana viongozi wa laguna walihamia visiwa vya Rialto karibu na mwaka 810 tu. Na masimulizi ya Venezia husema kwamba mwaka 828 wafanyabiashara wawili walileta mwili wa Mtakatifu Marko toka Aleksandria, katika Afrika yetu. Mmoja wao aliitwa Rustico, naye alikuwa mtu wa Torcello.

Kanisa tunaloliona leo lilijengwa upya mwaka 1008. Nje ni la matofali, halina mapambo mengi. Tazama madirisha ya upande wa kusini: yafungwa kwa mabamba ya mawe mazima, kwa kukinga upepo na mvua ya laguna. Lakini ukiingia ndani utanyamaza. Nyuma ya altare ukuta wote ni dhahabu, na katikati ya dhahabu ile Bikira Maria amesimama peke yake, mrefu, amevaa buluu, amemchukua Mtoto Yezu. Chini yake wamesimama Mitume kumi na wawili. Picha hiyo haikupakwa kwa rangi. Imeundwa kwa vipande vidogo vya kioo na vya jiwe, vikapangwa kimoja kimoja kwa mkono.

Sasa geuka, uangalie juu ya mlango mkubwa. Ukuta mzima, toka juu mpaka chini, ni Hukumu ya Mwisho. Juu kabisa Yezu yu msalabani. Chini yake amefufuka, avunja milango ya kuzimu na kumshika Adamu mkono. Malaika wapiga tarumbeta, na wanyama wa porini na samaki wa baharini wawatapika watu waliowala, maana siku ile hata aliyezama baharini atarudishwa. Malaika ashika mizani, na mashetani wajaribu kuivuta upande wao. Mto wa moto washuka mpaka kwa waliohukumiwa. Wamo na wenye mataji na mapambo ya thamani. Wenye kijicho wamebaki mafuvu tu, na nyoka waingia na kutoka katika matundu ya macho yao.

Kwa nini picha hiyo iliwekwa juu ya mlango? Watu wengi wa zamani hawakujua kusoma. Walipoingia kwa Misa walimtazama Mama na Mtoto. Walipotoka kurudi sokoni, kwenye mizani yao ya chumvi na ya sufu, walikutana na mizani ya malaika. Ilikuwa katekisimu ya ukutani, nayo haikuhitaji maelezo mengi.

Nje, karibu na kanisa kuu, kuna kanisa dogo la Mtakatifu Fosca, shahidi wa Ravenna. Masimulizi ya kale husema kuwa mifupa yake ililetwa toka Sabratha, katika pwani ya Libia. Na katika uwanja kuna kiti cha jiwe. Wageni hupenda kukikalia, wakiambiwa kuwa ni kiti cha Attila. Si kweli. Attila alikufa mwaka 453, wala hakukanyaga kisiwa hiki. Yafaa kufikiri ya kuwa ni kiti cha Askofu au cha hakimu. Lakini watu ndivyo walivyo: jina la mwenye kuharibu hulikumbuka upesi kuliko majina ya waliojenga.

Tope na mbu

Basi, ni adui gani aliyeuua mji huu? Hakuja na farasi wala na upanga. Mito iliyotoka nchi kavu ilileta tope kila mwaka, kidogo kidogo. Mifereji ikajaa, vyombo vikubwa vya biashara havikuweza kufika tena. Maji matamu yakachanganyika na ya chumvi, matete yakaota, maji yakasimama. Na sisi watu wa mito na maziwa twajua maji yaliyosimama huzaa nini.

Homa ikaanza kuua watu. Waitalia walidhani yaletwa na hewa mbaya ya matete, na ndiyo maana waliita mala aria, yaani hewa mbaya. Neno hilo limefika kwetu pamoja na dunia nzima. Ilipasa kungoja mpaka mwaka 1898, Giovanni Battista Grassi na wenzake walipoonyesha katika Italia kwamba homa hiyo hupelekwa kwa mtu na mbu wa aina ya anofelesi. Kwa Torcello maarifa hayo yalichelewa mno. Familia zilikuwa zimekwisha kuhama, moja moja. Mwisho wa karne ya 17 hata Askofu alikwenda kukaa Murano. Mwaka 1818 jimbo lake lilifutwa, likaunganishwa na Venezia, chini ya Patriarka. Kiti hicho cha Patriarka ndicho walichokalia Mapapa watatu kabla ya kuchaguliwa: Pio X mwaka 1903, Yohane XXIII mwaka 1958, na Yohane Paulo I mwaka 1978.

Mawe yanayosafiri

Waliohama walifanya kama babu zao: walichukua mawe. Nyumba na konventi zilibomolewa, mawe na matofali yakapakiwa chomboni na kujenga Venezia. Mawe ya Altino yalijenga Torcello, mawe ya Torcello yakajenga Venezia. Na Altino? Mwezi wa saba mwaka 2007, wakati wa ukame, mashamba ya mahindi na soya yalipigwa picha toka angani. Mimea iliyoota juu ya misingi ya kale ilikauka mbele ya mingine, na wataalamu wa Padova wakaona katika shamba ramani nzima ya mji: barabara, mifereji, uwanja wa michezo. Waliitangaza mwaka 2009. Juu yake karibu hapana jiwe.

Wahenga husema: Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Watu wa Venezia walimwona mama yao akizama katika tope, wakatia maji: kwa miaka mamia walichimba mifereji kuigeuza mito imwage maji yake nje ya laguna. Ndiyo maana mji wao umesimama. Lakini leo wana taabu nyingine. Tarehe 12 Novemba 2019 bahari ilipanda sentimeta 187. Toka mwaka 2020 milango mikubwa ya chuma yainuliwa kuizuia. Chuma chaweza kuzuia maji, hakiwezi kuzuia watu kuhama. Mwaka 1951 mji wa zamani ulikuwa na watu karibu 175.000, mwaka 2022 walishuka chini ya 50.000. Wageni hujaa mchana, na usiku madirisha mengi hayana taa. Binti ameanza kufanana na mama.

Saa ya kurudi imefika, chombo kinangoja. Kabla ya kupanda, geuka utazame mara moja tena. Sokoni hapakubaki kitu. Kiti cha hakimu kimebaki hakina hakimu. Mawe mengi yaliyofaa yalichukuliwa, ila nyumba ya Mama wa Mungu ilibaki. Wakimbizi wa Altino walipoteza kila kitu wasichoweza kubeba. Lakini walichojenga pamoja, kwa ajili ya wote, hakuna mtu aliyethubutu kukipakia chomboni kuwa mali yake. Kwa hiyo kimesimama.