Hesabu za Mitambo: Kutoka Migodi ya Cornwall hadi Programu Huria

Mwaka 1796, John Southern, mwajiriwa wa James Watt, alipata njia ya kuifanya injini ya mvuke ijichore yenyewe. Alifunga kibao kilichokwenda na kurudi pamoja na pistoni, na juu yake penseli iliyopanda na kushuka kwa kadiri ya shinikizo la mvuke. Kila pigo la injini liliacha umbo kwenye karatasi, na ukubwa wa umbo hilo ndio uliokuwa kipimo cha kazi iliyofanyika. Fundi aliyejua kulisoma aliona mara moja vali iliyochelewa kufunguka na mvuke uliopotea bure.

Kampuni ya Boulton na Watt iliuficha uvumbuzi huo. Maelezo yake hayakuchapishwa hadi mwaka 1822. Hata John Farey, Mwingereza aliyeandika kitabu kikubwa kuhusu injini za mvuke, ilimbidi afike Urusi ndipo akione kifaa hicho kikifanya kazi.

Usiri huo ulikuwa na faida yake. Katika jimbo la Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, migodi ya shaba na bati ilijaa maji kila ilipochimbwa zaidi, na makaa ya mawe ya kuendeshea pampu yaliletwa kwa meli kutoka Wales. Hataza ya Watt ilidumu hadi mwaka 1800, na kampuni yake ilidai theluthi moja ya thamani ya makaa ambayo injini mpya iliyaokoa. Ili hesabu isichezewe, kila injini ilifungwa kifaa cha kuhesabia mapigo ndani ya sanduku lenye kufuli. Takwimu za mtambo zilikuwa tayari ni mali, na mwenye ufunguo ndiye aliyeandika ankara.

Hataza ilipokwisha, watu wa Watt waliondoka Cornwall na upimaji ukaondoka nao. Kwa takriban miaka kumi injini zilizidi kuzorota, kwa sababu hakuna aliyejua ya nani inakula makaa kuliko ya jirani.

Hapo ndipo anapoingia Joel Lean, msimamizi wa migodi, na anastahili kukumbukwa zaidi ya anavyokumbukwa sasa. Kuanzia mwaka 1811 alichapisha taarifa ya kila mwezi iliyotaja injini kwa majina, mgodi ilipo, vipimo vya silinda yake, mhandisi anayeitunza, na ratili ngapi za maji iliinua futi moja kwa busheli moja ya makaa. Kila mwenye mgodi aliweza kuona aliyemzidi ni nani, na kila mhandisi aliweza kumwendea mwenzake kuuliza amefanyaje. Mwaka uliofuata Richard Trevithick alisimamisha injini ya shinikizo kubwa katika mgodi wa Wheal Prosper bila kuikatia hataza. Wengine wakaiga, wakarekebisha, na matokeo ya marekebisho yao yakaonekana kwenye taarifa za miezi iliyofuata.

Mwanzoni wastani wa kazi ya injini haukufika milioni 20 kwa kipimo hicho. Katika miaka ya 1840 ulikuwa umepita milioni 50. Mwaka 1835 injini moja ya mgodi wa Fowey Consols ilijaribiwa mchana kutwa na usiku kucha mbele ya mashahidi, ikafikisha milioni 125. Lean mwenyewe alifariki mwaka 1812. Wanawe waliendeleza kazi, na taarifa hizo zilitoka hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Jambo moja lisipuuzwe: ukoo wa Lean haukufanya kazi hiyo bure. Migodi ndiyo iliyoulipa ili upime, uandike na uchapishe.

Mwanahistoria wa uchumi Alessandro Nuvolari ameilinganisha desturi ya Cornwall na maendeleo ya programu huria, na ulinganisho huo una uzito hasa mtu akitazama yaliyotokea viwandani kompyuta zilipofika. Mwaka 1968 Dick Morley na wenzake huko Marekani walibuni kompyuta ngumu ya kuongozea mitambo, inayojulikana kwa herufi PLC. Kila mtengenezaji aliyefuata alitunga lugha yake. Modicon, kampuni ya akina Morley, ilitangaza itifaki yake ya Modbus hadharani mwaka 1979, na hadi leo mashine nyingi duniani huizungumza. Lugha nyingine nyingi zilibaki nyuma ya mikataba ya leseni. Mwaka 1980 ilianzishwa California kampuni iliyokuja kuitwa OSIsoft. Programu yake, PI, ilihifadhi joto, shinikizo na mtiririko sekunde kwa sekunde katika viwanda vya mafuta na vya umeme. Ilikuwa kazi ya ustadi mkubwa. Lakini katika biashara ya maghala ya takwimu ya aina hiyo mteja mara nyingi alilipia kwa idadi ya vipimo alivyotaka kuhifadhi, na namba za mashine yake mwenyewe zikakaa katika mpangilio ambao programu ya muuzaji pekee ndiyo iliyojua kuusoma vizuri.

Mlango ulifunguliwa na bomba la mafuta. Mwaka 1999 kampuni ya Phillips 66 ilihitaji kufuatilia bomba lake kupitia setilaiti, ambako kila baiti ilikuwa na gharama. Kwa mtindo wa zamani kompyuta ya makao makuu iliviuliza vituo kimoja kimoja, tena na tena, hata pasipokuwa na jipya. Andy Stanford-Clark wa IBM na Arlen Nipper waliugeuza utaratibu. Kituo kikawa kinatuma habari chenyewe kinapokuwa nayo, seva ya katikati ikaipokea na kuigawa kwa kila aliyejiandikisha. Kichwa cha ujumbe kinaweza kuwa na baiti mbili tu. Kila kifaa pia huacha wosia, yaani ujumbe ambao seva itautangaza ikiwa kifaa kitanyamaza ghafla. Itifaki hiyo ni MQTT. Mwaka 2010 IBM iliiachia itumike bila malipo. Mosquitto, programu huria ya Roger Light, ikaiweka mikononi mwa yeyote mwenye kompyuta ndogo, na mwaka 2014 shirika la OASIS likaifanya kiwango rasmi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Chuo Kikuu cha Tsinghua cha China kiliikabidhi hifadhidata yake, IoTDB, kwa Apache, taasisi inayolea miradi ya programu huria, mwaka 2018. Kutoka kituo cha utafiti cha FZI mjini Karlsruhe, Ujerumani, ilitoka StreamPipes, inayomwezesha mhandisi wa kiwandani asiyeandika msimbo kuunganisha mikondo ya vihisi kwa kuburuta vijisanduku kwenye skrini. Na PLC4X, iliyosukumwa mbele na Mjerumani Christofer Dutz, ikashika kazi iliyo ngumu kuliko zote: kuzungumza na kompyuta za mitambo za watengenezaji mbalimbali kwa lugha zao, kupitia msimbo ulio wazi kwa kila mtu.

Januari 2022 Dutz alitangaza hadharani kwamba anaacha kutoa msaada wa bure. Makampuni yalitumia PLC4X na kuleta maswali yao, lakini fedha za kuiendeleza hazikupatikana. Wenye migodi ya Cornwall walikuwa wakishindana vikali, na bado walichanga kumlipa mtu wa kuwapimia. Viwanda vya leo, vyenye mapato ambayo wachimba shaba wale wasingeyaota, vilichukua matunda ya uwazi vikasahau kumlipa mkulima.

Oktoba mwaka huohuo, huko Ujerumani, ulianza kazi Sovereign Tech Fund, mfuko unaotumia fedha za serikali kulipia utunzaji wa programu huria ambazo wengine wote wanazitegemea. Mwezi uliofuata StreamPipes ilipandishwa daraja kuwa mradi kamili wa Apache.