Mji Uliozaliwa na Chumvi

Ndugu msikilizaji, chumvi ni kitu tusichokikumbuka mpaka kikosekane. Mboga ikipikwa bila chumvi, nyumba nzima hujua. Leo tuuangalie mji mmoja wa Austria ulioishi kwa chumvi kwa maelfu ya miaka, na ambao sasa unaishi zaidi kwa uzuri wa sura yake.

Mji huo ni Hallstatt. Nilikwenda huko safari ya siku moja kutoka Salzburg, jina ambalo kwa Kijerumani lina maana ya ngome ya chumvi. Stesheni ya treni iko ng'ambo ya ziwa, kwa hiyo abiria humalizia safari kwa boti. Mbele yako unaona nyumba zilizobanana kati ya maji na mlima, na mnara wa kanisa uliochongoka. Nafasi ni finyu kiasi kwamba barabara ya kandokando ya ziwa ilifika mwaka 1890 tu. Kabla ya hapo watu walipita kwa mashua au kwa vijia vya mlimani.

Kwa nini basi watu walikubali kubanana mahali kama hapo? Jibu liko juu, ndani ya mlima. Mwaka 2003 iligunduliwa mgodini ngazi ya mbao iliyotengenezwa zaidi ya miaka 1,300 kabla ya Kristo. Chumvi iliizuia isioze.

Mwaka 1846 msimamizi wa mgodi, Johann Georg Ramsauer, alianza kufukua makaburi ya kale karibu na hapo. Kufikia mwaka 1863 alikuwa amefukua makaburi 980 hivi. Humo zilipatikana panga, kaharabu kutoka upande wa Baltiki, na pembe za ndovu, mnyama ambaye zama zile hakuwepo porini Ulaya. Chumvi ilikuwa imenunua mali ya mbali. Wataalamu wakalitumia jina la mji huu kuita zama nzima za mwanzo wa chuma katika Ulaya ya kati.

Lakini, ndugu msikilizaji, utajiri huo ulikuwa na wenye kuubeba. Mifupa ya makaburini ina alama za kazi nzito. Mgodini vimepatikana hata viatu vya watoto. Ardhi nayo ilikuwa haba mpaka kwa wafu: baada ya miaka kadhaa mifupa ilifukuliwa ili kumpisha mwingine. Katika nyumba ndogo kando ya kanisa yapo mafuvu zaidi ya 1,200, na kama 600 kati yake yamepakwa rangi, yakaandikwa majina na kuchorwa maua. Nilisimama pale nikisoma majina, na sikuona dharau yoyote kwa wafu. Niliona watu walionyimwa nafasi wakakataa kunyimwa heshima.

Mgodi bado unatoa chumvi. Hata hivyo, biashara kubwa leo ni wageni. Mwaka 1997 UNESCO iliuingiza mji huu na eneo lake katika urithi wa dunia. Mwaka 2012 Wachina walifungua nakala yake katika jimbo la Guangdong. Wakazi wa Hallstatt ni chini ya 800, lakini siku za msimu wageni hufika hadi 10,000. Mwaka 2023 wakazi waliandamana wakidai idadi hiyo iwekewe kikomo na mabasi ya watalii yasiingie jioni.

Wapo waliowalaumu: mtu anayekula kwa mgeni atamfukuzaje? Mimi nasema wana haki. Mji hauwi mji kwa sababu ya mapaa na ziwa. Hayo Wachina wamekwisha kuyanakili. Huwa mji kwa sababu wapo watu wanaolala humo, wanaozika humo, na wanaowajua kwa majina waliotangulia. Hao wakihama kwa kuchoshwa na kamera, Hallstatt zitakuwa mbili, na zote zitakuwa nakala.