Mashamba ya Kolwezi: shaba iliyobadilishwa kwa barabara

Machi 2024 serikali ya Kinshasa na kampuni za Kichina zilitia saini nyongeza ya tano ya mkataba wa Sicomines, ubia wao wa kuchimba shaba. Habari zilizotufikia zilikuwa za dola bilioni 7 za miundombinu, za bei ya shaba na za asilimia za hisa. Mahali penyewe hapakutajwa, na si haki. Mali iliyowekwa rehani tangu 2008 iko ukingoni mwa mji wa Kolwezi, jimbo la Lualaba, na ina majina mawili: Dikuluwe na Mashamba Magharibi.

Jina la Mashamba halihitaji mkalimani. Anayelisikia kwa mara ya kwanza atawaza mihogo na mahindi. Akifika atakuta mashimo makubwa yaliyochongwa ngazi kwa ngazi, udongo mwekundu juu, mwamba wa kijivu na kijani chini, na malori yanayopanda kwa mwendo wa kinyonga. Udongo uliojaa shaba, isitoshe, haupendi miti. Tangu zamani vilima vyenye madini vilikuwa na upara katikati ya miombo. Juu yake huota nyasi fupi na maua madogo ya zambarau yanayoistahimili sumu ya shaba. Wenyeji walizijua alama hizo kabla ya mjiolojia yeyote, naye mjiolojia alipofika alijifunza kuzifuata.

Mwaka 1926 mmisionari wa Kibelgiji, Jean-Félix de Hemptinne, alichapisha maelezo kuhusu watu aliowaita "walaji wa shaba" wa Katanga. Tunaweza kuyasoma kwa tahadhari, kwa maana mwandishi alikuwa mtu wa utawala wa kikoloni kwa fikra zake, lakini aliyoyaandika juu ya kazi yenyewe ni hazina. Kwa Wasanga, wenyeji wa Katanga, shaba ilikuwa na msimu wake. Mtama ukishavunwa na mvua zikishakatika, chifu alitangaza kwamba wakati wa "kwenda kula shaba" umefika. Wanawake na watoto waliokota malakiti, lile jiwe la kijani, juu ya ardhi, wanaume walichimba. Tanuri zilijengwa kwa udongo wa vichuguu, zikajazwa makaa, zikapulizwa kwa mivukuto ya ngozi ya wanyama. Shaba iliyoyeyuka ilimiminwa kwenye kalibu, ikatoka misalaba: ile misalaba ya Katanga iliyotumika kama fedha na kama mahari, na inayofukuliwa hadi leo kwenye makaburi ya kale ya bonde la Upemba. Mawingu ya mvua yaliporudi, watu waliziacha tanuri wakashika majembe.

Hapo ndipo ninapokiona kiini cha historia hii. Shamba na shaba vilipokezana zamu katika mwaka mmoja, kwa mikono ya watu walewale. Karne iliyofuata iliivunja zamu hiyo.

Yaliyofuata yanajulikana. Msiri, aliyekuja na Wayeke kutoka upande wa Usumbwa, Tanzania ya leo, alijenga himaya Bunkeya juu ya biashara ya shaba, pembe na watumwa, akauawa Desemba 1891 na msafara wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa 1906. Reli ya kwenda bandari ya Lobito, Angola, ilikamilika 1931, na Kolwezi ikaanzishwa 1937 kuwa makao ya migodi ya magharibi. Mto Lualaba ukafungwa kwa bwawa Nzilo ili kuzalisha umeme. Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga Julai 1960, na Kolwezi ndiyo iliyokuwa ngome yake ya mwisho Januari 1963. Rais Mobutu akaitaifisha Union Minière 1967, ikazaliwa kampuni tunayoiita leo Gécamines.

Juu ya maisha ya watu katika miaka hiyo, msomi wa kumtegemea ni Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Kitabu chake cha 2001 kinawaita watu wa mkoa huu "bana Shaba", watoto wa Shaba, walioachwa na baba yao. Baba ni kampuni. Katika kambi za wafanyakazi watu walisema kazi "njo baba, njo mama", yaani ndiyo baba, ndiyo mama, na hawakuwa wakitia chumvi. Kampuni ilitoa nyumba, posho ya unga, shule, zahanati, hata kituo cha kuwafundisha akina mama kushona. Jembe halikuwa na nafasi tena. Mfanyakazi aliyepimiwa unga kila juma hakuwa na sababu ya kulima, na mtoto wake hakujifunza.

Ni Gécamines iliyochimba Mashamba, katika miaka ya 1970 na 1980, wakati kundi zima la mashimo hayo lilipoitwa DIMA, kwa Dikuluwe na Mashamba. Hata vita vya 1978, waasi walipouteka mji na askari wa miavuli wa Ufaransa wakatua Kolwezi mwezi Mei, havikuizuia kazi kwa muda mrefu. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Miaka minane baadaye ilitoa takriban tani 30,000. Fedha zilikuwa zimekamuliwa na serikali, mitambo haikutengenezwa, na sehemu ya mgodi wa chini kwa chini wa Kamoto ilibomoka 1990. Pampu zilipozimwa, maji yalijaa, na Mashamba ikawa ziwa. Mwaka 2003, kwa mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walilipwa kiinua mgongo na kuondoka. Wengi walikuwa wamekaa miezi mingi bila mshahara.

Chini ya maji yale shaba ilibaki, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Haki za Dikuluwe na Mashamba zilikuwa zimekwisha kuingizwa katika ubia wa Gécamines na wawekezaji wa kigeni, na ubia huo ulikuwa mikononi mwa Katanga Mining, kampuni iliyoorodheshwa Toronto. Lakini Septemba 2007 waziri wa miundombinu, Pierre Lumbi, alikuwa ametangaza Kinshasa jambo ambalo halijawahi kutokea nchini: China ingejenga barabara, reli, hospitali na vyuo, na kulipwa kwa shaba. Makisio yalifika takriban dola bilioni 9. Wachina walitaka akiba ya tani milioni 10 na zaidi za shaba. Akiba kubwa kiasi hicho ambayo haijachukuliwa haikuwepo tena. Kila kilima kizuri kilikuwa kimegawanywa katika miaka ya vita na ya serikali ya mpito.

Kwa hiyo serikali ikarudi kwa aliyepewa ikamtaka arudishe. Februari 2008 Katanga Mining ilikubali kuachia Dikuluwe na Mashamba Magharibi, kwa ahadi kwamba Gécamines ingempa akiba nyingine ya takriban tani milioni 4 za shaba, au fidia. Mashamba Mashariki ilibaki kwake. Hivyo eneo moja lenye jina moja likakatwa vipande viwili, magharibi kwa Wachina na mashariki kwa kampuni ambayo mwaka uliofuata iliingia chini ya Glencore ya Uswisi. Na Gécamines, kampuni ya wananchi, ikatoka katika mpango huo ikiwa na deni kwa mali iliyokuwa yake tangu mwanzo. Tangu nianze kuisoma historia hii, hilo ndilo linalonichoma zaidi.

Ugomvi wa pili ulikuwa na Shirika la Fedha la Kimataifa. Lilisema serikali haiwezi kuomba kufutiwa madeni huku ikidhamini deni jipya kubwa namna hiyo. Oktoba 2009 dola bilioni 3 za miundombinu zikaondolewa, na Julai 2010 nchi ikasamehewa deni la takriban dola bilioni 12. Kinshasa ilishangilia. Barabara zilizofutwa kwenye orodha hazikuliliwa na mtu.

Sicomines ilianza kutoa shaba 2015, mwaka uleule Katanga ilipogawanywa na Lualaba ikawa jimbo. Machi 2016 ukuta wa shimo moja la Katanga Mining uliporomoka na kuua wafanyakazi saba. Februari 2023 Ukaguzi Mkuu wa Fedha, chini ya Jules Alingete, ulitoa hesabu yake: miundombinu iliyokwisha kulipiwa ilikuwa ya dola milioni 822, wakati upande wa China ulikuwa umepata faida inayokaribia dola bilioni 10. Ndiyo hesabu iliyozaa nyongeza ya 2024.

Sasa ahadi ni dola milioni 324 kila mwaka hadi 2040, mradi bei ya shaba isishuke chini ya dola 8,000 kwa tani. Wabunge wa Lualaba wana haki ya kuuliza, mwaka baada ya mwaka, ni kiasi gani cha fedha hizo kinachorudi Kolwezi, katika mitaa ya Dilala na Manika, na swali hilo liulizwe hadharani. Mgawo wa hisa haukuguswa. Wachina wana asilimia 68, Gécamines ina 32, vilevile kama ilivyoandikwa 2008.