Uchungu wa Kuanzishwa na Hesabu ya Wiki

Ukitoka mjini Tanga kwenda Raskazone unapita hospitali ya Bombo, ambako jengo la enzi ya Mjerumani bado linatazama bahari. Kwenye baraza za upande huo siku hizi kuna swali: ikiwa Marekani mja mzito mwenye afya njema anaweza kuanzishwa uchungu siku aliyoichagua, sisi tunangoja nini?

Tuanze nyuma kidogo, maana kuharakisha uzazi si jambo la jana. Mwaka 1960 daktari wa Norway, Lorents Gran, akiwa kazini Kongo, aliona wazazi wakinywa maji ya mmea uitwao kalata-kalata ili wajifungue upesi. Aliuchunguza, akakuta kweli unakaza mji wa mimba. Huko Ulaya, Mwingereza Henry Dale alikwishaonyesha mwaka 1906 kwamba maji ya tezi iliyo chini ya ubongo hufanya kazi hiyo hiyo. Mwaka 1953 Mmarekani Vincent du Vigneaud akaitengeneza oksitosini katika maabara, akapata tuzo ya Nobel mwaka 1955. Ndiyo inayotiwa kwenye dripu ya uchungu.

Dawa hii imeokoa wengi. Lakini mji wa mimba ukikaza bila kupumzika, hewa inayomfikia mtoto hupungua, naye huzaliwa amechoka, pengine hata kulia hawezi. Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, ilianza mwaka 2015 kutumia mwongozo mfupi wa kumwangalia mzazi. Dripu ya kuongeza uchungu ikapungua, moyo wa mtoto ukasikilizwa zaidi, na watoto waliozaliwa wafu wakashuka kutoka 59 hadi 39 katika kila uzazi 1,000.

Na Marekani je? Utafiti uliotangazwa mwaka 2018, katika hospitali 41, uliwahusu wanawake zaidi ya 6,000 wa uzazi wa kwanza. Walioanzishwa wiki ya 39 watoto wao hawakudhurika zaidi, na waliopasuliwa walipungua. Lakini kila mmoja wao alikuwa amepimwa kwa ultrasaundi mapema, na umri wa mimba ulijulikana.

Hapo ndipo penye shida yetu. Wengi tunahesabu kwa kukumbuka: ilikuwa kabla ya Ramadhani, ilikuwa masika. Ukikosea wiki 3, hiyo 39 yako ni 36, na mapafu ya mtoto huenda hayajakomaa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri mimba isiyo na tatizo ianzishwe pale tu inapojulikana kwa hakika kuwa imefika wiki 41.

Haraka haina baraka, lakini kungoja mno nako kuna hatari, kwani mimba ikipitiliza mtoto anaweza kufia tumboni. Basi, dada yangu, nenda kliniki mapema, na upimwe ultrasaundi kabla ya wiki ya 24. Nawe baba, toa nauli. Siku mkunga atakapotakiwa kuamua, awe na tarehe ya kutegemea.