Namba Kubwa Katika Sampuli za Dhahabu

Chokaa ya matumbawe inayochimbwa Wazo, nyuma tu ya Kunduchi, kulisha kiwanda cha saruji kilichoanza mwaka 1966, haimsumbui sana mpimaji: shimo hufanana na jirani yake, na wastani hutosha. Dhahabu haina ustaarabu huo. Maabara huyeyusha gramu 50 za unga wa mwamba. Punje ya miligramu moja, ndogo kuliko kichwa cha pini, ikiangukia humo, jibu hupanda kwa gramu 20 kwa tani.

Wajerumani walioanza mgodi wa Sekenke mwaka 1909, ambako ndiko ilikotoka dhahabu ya sarafu za Tabora za mwaka 1916, walikuwa na mshipa mbele ya macho yao. Tatizo lilikua pale mashimo membamba ya kuchoronga yalipoanza kusemea mwamba ambao hakuna aliyeuona. Sampuli tano zikitoa gramu 2, 3, 1, 2 na 92 kwa tani, wastani ni 20, ingawa nne kati yake hazivuki 3.

Dawa ya zamani ilikuwa kukata: kila kilichozidi wakia moja kwa tani, takriban gramu 31, kilihesabiwa kuwa wakia moja. Wastani ule hushuka hadi 7.8. Ilikuwa kanuni rahisi, lakini kipofu, kwani haikuuliza mshipa wenyewe una tabia gani. Afrika Kusini, mwaka 1951, mhandisi wa migodi Danie Krige alionyesha kwa takwimu za Witwatersrand kwamba sehemu zilizoonekana tajiri mno kwenye sampuli hutoa pungufu zikichimbwa, na zilizoonekana maskini hutoa zaidi. Mfaransa Georges Matheron akaijengea hoja hiyo hisabati yake.

Migodi mikubwa ya Kanda ya Ziwa, Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001, ilifunguliwa elimu hiyo ikiwa tayari. Namba hupangwa kuanzia ndogo, na mkato huwekwa pale mfululizo unapokatika, kila mshipa na wake. Au namba huachwa nzima lakini huzuiwa isivuke mita chache kutoka shimo lake. Kanuni za Australia na Kanada humtaka mtaalamu atangaze alipokata. Sampuli yenye kutiliwa shaka hurudiwa: kama kilo moja ya unga huchekechwa, na punje zinazobaki juu ya chekeche hupimwa zote.