Wa Kuja: Kabaka Mwanga na Mwambao wa Mwanza

Mwezi wa Septemba mwaka 1888, Kabaka Mwanga wa Pili wa Buganda alipinduliwa na vikosi vyake mwenyewe vya vijana wa Kiislamu na Kikristo. Akashuka ziwani pamoja na wafuasi wachache, mitumbwi ikaelekezwa kusini. Alikuwa na umri wa miaka ishirini hivi. Alitia nanga Magu, mashariki ya mji tunaouita leo Mwanza, kwa wafanyabiashara wa Kiarabu waliompokea kama mgeni na kumweka kama mateka. Alipoponyoka huko, alikimbilia Bukumbi, kwenye misheni ya Mapadri Weupe. Yaani aliomba hifadhi kwa watu wale wale ambao waumini wao alikuwa amewaua. Kutoka Bukumbi alimwandikia pia Alexander Mackay, mmisionari Mprotestanti aliyekuwa Usambiro, akiomba yaliyopita yasahauliwe na asaidiwe kurudi.

Nimekizingatia kisa hiki kwa miaka mingi, na sababu yake ni ya nyumbani. Baba yangu alivuka ziwa hilo hilo, kwa mwelekeo huo huo, katika miaka ya 1970 alipomkimbia Idi Amin. Tulikulia Kirumba. Ndani ya nyumba tulisema Kiganda, mlangoni tukakivua kama viatu na kuvaa Kiswahili. Majirani hawakuwa wabaya, ila ugomvi wa maji au wa ua ulipozuka, neno lilikuwa moja: ninyi ni watu wa kuja. Nilipokua nililiona neno hilo kuwa la ajabu katika mji ambao reli ya kutoka Tabora iliufikia mwaka 1928 na kumwaga watu wa kila namna, na ambao mitaa yake ina Wasukuma, Wakerewe, Wahaya, Wajaluo, Wahindi na Waarabu. Lakini mtoto hapimi neno kwa historia. Hulimeza tu.

Kila tarehe 3 Juni tulikwenda kanisani kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda. Siku hiyo mwaka 1886, huko Namugongo, Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto kwa amri ya Mwanga. Wakatoliki 22 miongoni mwa waliouawa katika miaka ile walitangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita mwezi Oktoba 1964. Katika mahubiri tuliyosikia, sababu ya kifo chao ilikuwa hii: mfalme aliwatamani vijana watumishi wa ikulu, nao, kwa ajili ya imani, wakamkatalia. Jina langu la ubatizo ni la mmoja wao. Nami nilijua, tangu ujana, kwamba moyo wangu hauelekei kwa wasichana. Nilikaa katika benchi lile nikiwa na jina la shahidi na, kwa namna nilivyoielewa hadithi, dhambi ya muuaji.

Waama, simtafuti Mwanga awe shujaa wangu. Mtumishi wa ikulu hana nafasi ya kusema hapana kwa kabaka, na penye upanga pendo halijulikani. Aidha, habari nyingi za tamaa zake tumezipata kwa kalamu za wamisionari, mahasimu wake. Alikuwa pia na wake wengi, na hofu yake kubwa ilikuwa kunyang'anywa nchi na wageni. Wanahistoria wangali wanabishana ni kipi kilichotangulia. Lililonishughulisha mimi ni jambo dogo zaidi, nalo ni la lugha. Wamisionari walidai kwamba Waganda walifundishwa tabia hiyo na Waarabu. Wahubiri wa leo hutuambia imeletwa na Wazungu. Aliyeleta hubadilika kila zama, kitenzi hakibadiliki.

Tukiyauliza maneno yenyewe, yanajibu vingine. Kiganda kina msemo wa zamani, *okulya ebisiyaga*, ambao umejengwa juu ya kitenzi cha kula. Kiswahili kina *hanisi*, kutoka Kiarabu, na huko Sohar, Oman, Unni Wikan aliandika mwaka 1977 juu ya watu wanaoitwa kwa neno la asili hiyo hiyo, wenye nafasi yao inayojulikana katika jamii. Kina *msagaji*, lililotokana na kusaga, kama vile Kiarabu nacho kilivyochukua neno lake katika kusugua na kuponda. Na kina *shoga*. Mwanamke wa Unguja humwita rafikiye shoga bila haya yoyote. Neno hilo hilo likifika huku kwetu bara huwa jiwe la kurushwa. Gill Shepherd, katika makala yake ya mwaka 1987 kuhusu Mombasa, aliwaeleza mashoga na mabasha kama watu ambao mji uliwajua na kuwataja. Lugha haitungi jina la kitu kisichokuwapo. Sisemi kwamba majina hayo ni ya heshima, la hasha. Nasema ni ya kale.

Kilichokuja kwa meli, na tarehe yake tunayo, ni sheria. Waingereza waliiandika India mwaka 1860, kifungu cha 377, wakaisambaza katika himaya yao, na maneno yake ya "kinyume cha maumbile" yamo hadi leo katika kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania. Mwaka 1998 adhabu yake iliongezwa: kifungo cha maisha, na kisipungue miaka 30. Siweki jina langu chini ya makala hii, na msomaji anajua kwa nini.

(Washairi wenzangu wanaijua hoja hii ya kuletwa. Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Namagondo, Ukerewe, ng'ambo kidogo tu ya hapa nilipo, alipotoa *Kichomi* mwaka 1974 bila vina wala mizani, aliambiwa kwamba ule si ushairi wetu, ni mkopo wa Ulaya. Leo unasomwa madarasani.)

Katika desturi ya Kiganda, ssenga, yaani shangazi, ndiye mwenye kazi ya kuzungumza na kizazi kipya mambo ya mwili na ndoa. Kazi hiyo ni kwa wasichana. Hata hivyo, ssenga wangu alipokuja kuishi kwetu, nami nikiwa mtu mzima, nilimwendea yeye. Nilianza kwa Kiganda, nikakwama, maana neno pekee nililolijua lilikuwa tusi. Nikahamia Kiswahili, nikamwambia sitaoa, moyo wangu uko kwa mwanamume. Akanyamaza kitambo kirefu. Kisha akauliza, "Ni mtu wa wapi?" Nikamjibu kwamba ni Mkerewe. "Kumbe ni wa ziwani," akasema, akaendelea kuchambua mchele. Tangu usiku ule nililala usingizi ambao sikuwa nimeujua. Baba hajatamka lolote, wala simlazimishi. Kila Juni tunakwenda kanisani pamoja.

Mwanga alirudi Buganda mwaka 1889 kwa msaada wa mashua ya mfanyabiashara Charles Stokes. Mwaka 1897 aliwaasi Waingereza, akashindwa, akapelekwa Shelisheli mwaka 1899, akabatizwa huko kwa jina la Danieli, akafa mwaka 1903. Mifupa yake ilirudishwa Kasubi mwaka 1910.

Mwaka jana nilimpeleka ssenga Bukumbi, wilayani Misungwi. Nilimsimulia yote haya tukiwa tumekaa kivulini, ghuba ikionekana kati ya miti. Nilitarajia aulize habari za Namugongo.

"Hapa," akasema, "nani alimpa chakula?"

"Mapadri, ssenga."

Akatikisa kichwa polepole, akaomba maji ya kunywa.